Mstari wa Uganda unapanda, wa Tanzania unashuka: ubishi wa kinyozini

Swali limetoka Nakuru, nalifupisha: "Mwalimu, salamu. Mimi ni katibu wa chama cha bodaboda hapa Section 58. Juzi kinyozini kijana mmoja alituonyesha chati kwenye simu, idadi ya wafungwa tangu mwaka 2000: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Marekani na El Salvador. Uganda inapanda, Tanzania inashuka, sisi tuko palepale, Marekani imeanza kushuka, na El Salvador imeruka kama mkuki. Mmoja akasema Waganda wamekuwa wezi na Watanzania wametulia. Mwingine akasema na sisi tufunge watu kama El Salvador, tulale milango wazi. Mimi nikasema hizo nchi hazilinganishiki, nikazomewa. Nani ana haki? Na tafadhali usiniambie inategemea. Mwenzetu mmoja yuko rumande tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo kwetu hii si hadithi."

Ndugu Katibu, salamu zimefika hapa Kisumu. Sitakuambia inategemea. Nchi hizo zinalinganishika, hapo waliokuzomea walikuwa na haki. Walipoteleza ni pale walipodhani chati inahesabu wezi. Inahesabu watu waliolala ndani usiku mmoja, na idadi hiyo ina mikono mingi: polisi, hakimu, wabunge, Rais mwenye kalamu ya msamaha, hata karani wa rejista. Mwizi ni mmoja tu kati yao, na mara nyingi si yeye mwenye sauti kubwa.

Nianze na ubao. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa miezi minne katika gereza moja huku magharibi nikinakili rejista kwa ajili ya utafiti. Karibu na lango palikuwa na ubao mweusi uliogawanywa kwa mistari ya chaki: waliohukumiwa, mahabusu, waliopelekwa kortini, waliolazwa hospitali, jumla. Jioni askari jela walihesabu watu wakiwa wamechuchumaa mistari ya watano watano, kisha sajini akafuta namba ya jana kwa kiganja na kuandika ya leo. Jumatatu jioni namba ilipanda, kwa sababu waliokamatwa wikendi walikuwa wamesimama mbele ya hakimu asubuhi hiyo. Ijumaa ilikuwa imeshuka, ndugu wakishachangachanga faini. Tofauti ya Jumatatu na Ijumaa ilitosha kujaza matatu mbili. Gereza ni lilelile, kijiji ni kilekile, na hakuna aliyetubu kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Kwenye rejista yenyewe niliona zaidi. Ukurasa baada ya ukurasa ni chang'aa, ulevi na fujo, kufanya biashara bila leseni: mwezi mmoja, miezi mitatu, au faini ambayo mtu hakuwa nayo mfukoni. Jina la mzee mmoja nililikuta mara tano katika mwaka mmoja, kila mara kwa pombe. Katika hesabu ya walioingia mwaka ule, mzee huyo alikuwa watu watano. Katika hesabu ya usiku wa tarehe 31 Desemba hakuwepo kabisa, alikuwa kwake. Kisha unafika kwenye mstari mmoja ulioandikwa kwa wino uleule, bila mbwembwe: unajisi, miaka 20. Huyo aliingia mara moja tu, na ataonekana kwenye hesabu za mwisho wa mwaka hadi watoto wake wawe wazee wa mtaa.

Hapo ndipo penye siri ya chati yenu. Fikiria gesti mbili pale stendi. Ya kwanza inapokea mgeni mmoja kwa siku na kila mgeni analala usiku 30. Ya pili inapokea wageni 30 kila siku, kila mmoja analala usiku mmoja. Ukipita usiku wowote na kuhesabu vichwa, zote mbili zina watu 30. Lakini kwa mwaka mzima ya kwanza imepokea watu 365 na ya pili 10,950. Sasa mwenye gesti ya kwanza akitangaza kwamba kila mgeni lazima alale usiku 60, baada ya miezi miwili utahesabu watu 60, bila mgeni hata mmoja kuongezeka mlangoni. Mpita njia atasema biashara imeshamiri. Kumbe kilichobadilika ni urefu wa kukaa.

Kwa hiyo kila unapoona mstari wa wafungwa umepanda, swali la kwanza ni hili: je, wanaingia wengi zaidi, au wanakaa zaidi? Kenya tuna yote mawili, kila moja kwa njia yake. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 iliweka vifungo vya chini: kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni maisha, wa miaka 12 hadi 15 ni miaka 20 au zaidi. Sina ugomvi na adhabu yenyewe, naeleza hesabu tu. Hukumu kama hizo hujaa polepole. Mwaka wa kwanza huoni kitu, mwaka wa kumi wodi zimejaa watu wasiotoka.

Marekani ni gesti ya kwanza kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magereza ya majimbo na ya serikali kuu yalikuwa na watu kama laki mbili. Mwaka 2009 yalikuwa na milioni 1.6. Ukiongeza jela za kaunti, ambako wanakaa mahabusu na wenye vifungo vifupi, jumla iligusa milioni 2.3 mwaka 2008. (Angalia kwamba nimekupa namba mbili za nchi moja kwa kipindi kilekile, na zote ni sahihi. Atakayechukua laki mbili za zamani bila jela za kaunti, akazilinganisha na milioni 2.3 zenye jela za kaunti, atakuwa amepanda ngazi mbili kwa hatua moja. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.) Uhalifu wa nguvu uliongezeka kweli miaka ya 1960 na 1970, lakini tangu mapema miaka ya 1990 ulishuka kwa jumla, na wafungwa wakaendelea kuongezeka kwa zaidi ya miaka 15. Nini kilikuwa kinawaongeza? Sheria ya mwaka 1984 iliyofuta parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, katika kesi za serikali kuu. Vita dhidi ya dawa za kulevya. Sheria ya California ya 1994 iliyompa kifungo cha miaka 25 hadi maisha aliyepatikana na kosa kubwa mara ya tatu. Watu waliingia wengi, wakakaa sana.

Na jirani yao Kanada? Uhalifu wake ulishuka katika miaka ileile ya 1990, wakati kiwango chake cha wafungwa kikibaki karibu palepale, kidogo juu ya watu 100 kwa kila laki moja. Hiyo ndiyo faida ya kuweka nchi mbili pamoja, Katibu, na ndiyo sababu sikubaliani na wewe kwamba hazilinganishiki. Ukiitazama Marekani peke yake utasema jela ndizo zilizoleta utulivu. Ukiweka Kanada kando yake, ulimi unakuwa mzito kidogo.

Nikuchekeshe kidogo. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa huko, Alfred Blumstein na Jacqueline Cohen, waliandika kwamba kiwango cha kufunga watu Marekani kilikuwa kimetulia kwa karibu nusu karne, kama watu 110 kwa laki, na kwamba jamii huwa na namna ya kujirudisha kwenye kiwango chake. Hesabu yao ilikuwa safi. Wino ulipokuwa unakauka, mstari ukaanza kupanda na haukusimama kwa miaka 35. Tangu nisome habari hiyo sijamtabiria mtu yeyote mstari wa wafungwa utakwenda wapi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ufini, na ningetamani kijana wa kinyozi angekuwa nao kwenye chati yake. Miaka ya 1950 Ufini ilikuwa inafunga karibu watu 200 kwa kila laki moja, mara tatu hivi ya majirani zake Uswidi, Norwei na Denmaki. Walikuwa wametoka vitani na kwenye umaskini, sheria zao za adhabu zilikuwa za enzi za utawala wa Urusi, na mwizi wa kawaida alilala ndani muda mrefu kuliko mwenzake wa Uswidi. Wanasheria, majaji na wanasiasa wao wakakubaliana, bila kelele nyingi, kwamba hali hiyo ni aibu. Wakapunguza adhabu za wizi. Aliyekamatwa akiendesha gari amelewa akaanza kupewa kifungo cha nje. Faini isiyolipwa ikaacha kuwa tiketi ya jela kirahisi. Parole ikaja mapema zaidi. Miaka ya 1990 wakaongeza adhabu ya huduma kwa jamii badala ya kifungo. Kufikia mwisho wa karne walikuwa wameshuka hadi watu kama 60 kwa laki, sawa na majirani.

Sasa jambo la kutazama ni hili. Katika miaka yote hiyo, mistari ya uhalifu ya nchi hizo nne ilikwenda pamoja: ikipanda Uswidi, inapanda Ufini, ikitulia Denmaki, inatulia Ufini. Nchi moja ilipunguza wafungwa wake hadi chini ya theluthi, tatu hazikubadilika sana, na uhalifu haukuona tofauti. Hapo ndipo nilipoacha kuusoma mstari wa wafungwa kama kipimajoto cha uhalifu. Unasoma zaidi hasira na maamuzi ya wenye mamlaka.

Uholanzi nitaipitia haraka. Kati ya katikati ya miaka ya 2000 na katikati ya miaka ya 2010 wafungwa wake walipungua karibu nusu, hadi wakakodisha gereza moja kwa Ubelgiji na jingine kwa Norwei. Ndiyo, gereza la kukodisha kama ukumbi wa harusi. Siku hizi wanalia tena hawana nafasi.

Tuje El Salvador, maana najua huyo ndiye aliyewasha moto kinyozini. Nitakuwa mkweli: mauaji huko yamepungua mno, na mtu aliyekuwa akilipa kodi kwa magenge ili afungue duka lake ana haki ya kushangilia. Hilo silikatai. Tarehe 27 Machi 2022 bunge lao lilitangaza hali ya hatari na limekuwa likiirefusha kila mwezi. Zaidi ya watu elfu 80 wamekamatwa. Kabla ya hapo magereza yalikuwa na chini ya elfu 40, sasa yamepita laki moja katika nchi ya watu milioni sita na kitu. Hakuna nchi nyingine inayofunga sehemu kubwa hivyo ya watu wake.

Ila muulize huyo ndugu aliyetaka tulale milango wazi aonyeshe mstari wa mauaji pamoja na wa wafungwa. Mwaka 2015 mauaji yalipita 100 kwa kila watu laki moja. Mwaka 2019 yalikuwa chini ya 40. Mwaka 2021, kabla ya msako, yalikuwa kama 18. Sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa imeshapita wakati mkuki wa wafungwa unaruka, na wafungwa hawakuwa wakiongezeka kwa kasi wakati huo. Kilichofuata kimeyashusha zaidi, lakini kwa bei gani? Muda wa kushikiliwa bila kushtakiwa ukatoka siku tatu hadi 15, kesi zikaruhusiwa kusikilizwa kwa mamia ya washtakiwa kwa pamoja, na serikali yenyewe imeshawaachilia maelfu iliowakamata bure. Ukichukua kiwango chao, karibu watu 1,600 kwa laki, ukakileta kwetu, utatafuta watu zaidi ya laki nane wa kufunga. Hao ni wengi kuliko wakazi wote wa jiji lenu la Nakuru. Na wewe unajua msako wa usiku ukianza huanza na nani: kijana aliyesimama stejini na pikipiki.

Sasa majirani. Hapa ndipo penye hesabu ya mkono, kwa hiyo chukua karatasi.

Kenya "palepale" ni udanganyifu wa macho. Wafungwa wetu, pamoja na mahabusu, walikuwa karibu elfu 50 mwaka 2009, na mwaka 2019 kabla ya korona walikuwa bado karibu elfu 50. Mstari umelala. Lakini sensa ya 2009 ilitukuta watu milioni 38.6, na ya 2019 ikatukuta milioni 47.6. Gawanya: ni watu kama 130 kwa kila laki mwaka 2009, na 105 mwaka 2019. Kwa miaka kumi Kenya ilipunguza kufunga kwa karibu moja ya tano, na chati ya kijana haikusema neno. Baada ya hapo tumepanda tena, karibu elfu 60, ambayo kwa idadi yetu ya sasa ni kama 115 kwa laki.

Tanzania ni hivyohivyo ila kwa ukubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa na wafungwa zaidi ya elfu 40, na sensa yao ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Ni zaidi ya 115 kwa laki. Miaka ya karibuni wako kama elfu 33, na sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7, kwa hiyo ni kama 53. Mstari wa vichwa umeshuka kidogo tu, lakini ukigawanya kwa watu wamekwenda chini ya nusu. Je, wametulia? Ukiukaribia mstari wao utaona una ngazi, na ngazi nyingine zina tarehe. Tarehe 9 Desemba 2019, siku ya Uhuru, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Huo ni msamaha, na hausemi lolote kuhusu tabia ya mtu wa Shinyanga. Hata hivyo msamaha peke yake haushushi mstari kwa miaka ishirini, kwa sababu vitanda hujaa tena. Tanzania ina sheria ya bodi za parole tangu 1994 na ya huduma kwa jamii tangu 2002, na vitu kama hivyo, vikitumika, vinafanya kazi kimyakimya kuliko msamaha wa kwenye redio.

Uganda imenipa aibu, acha nikusimulie. Nilialikwa Busia kuzungumza na maofisa wa pande zote mbili za mpaka. Nikatundika chati yangu nzuri, mstari wa Uganda ukipaa baada ya 2006, nikaanza kueleza sababu za kijamii: ajira, ukuaji wa miji, vijana. Mzee mmoja Mganda, ofisa mstaafu wa magereza, akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Mwalimu, hao watu walikuwepo. Walikuwa kwenye magereza ya serikali za mitaa. Sheria ya 2006 ndiyo iliyotuunganisha." Takwimu zangu za zamani zilikuwa za magereza ya serikali kuu tu. Nilikuwa nimewaona wafungwa wapya pale ambapo palikuwa na rejista mpya. Ukumbi ulicheka, na mimi nikanywa maji.

Lakini usikimbie na hilo kinyozini kabla hujasikia sehemu ya pili. Hata ukianzia 2010, wakati muungano huo umeshakamilika, wafungwa wa Uganda wamezidi maradufu, na leo ni zaidi ya elfu 70. Watu wa Uganda kwa jumla waliongezeka kwa theluthi tu kati ya sensa ya 2014, milioni 34.6, na ya 2024, milioni 45.9. Kwa hiyo kupanda ni kweli. Ila karibu nusu ya waliomo hawajahukumiwa. Mstari ule unabeba mrundikano wa kesi kortini, na ukimwita kila aliyemo mwizi utakuwa umehukumu kabla ya hakimu.

Rwanda nayo itakufundisha ujanja wa mwaka wa kuanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Rwanda ilikuwa na watu zaidi ya laki moja na elfu ishirini gerezani, wengi wakingoja kesi ambazo mahakama za kawaida zingechukua vizazi kuzimaliza. Zikaja gacaca, mahakama za kijamii za vijijini, ambazo hadi zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimeshughulikia kesi karibu milioni mbili, na wengi walitumikia sehemu ya adhabu nje kwa kazi za jamii. Katikati ya miaka ya 2010 wafungwa walikuwa chini ya elfu 60. Miaka ya karibuni wamepita elfu 80. Anza chati yako 1998 na Rwanda ni hadithi ya kushuka. Anza 2015 na ni hadithi ya kupanda. Mtu akikuletea mstari, mwulize kwanza kwa nini alianzia hapo.

Na kwa nini aliishia hapo. Chati yoyote inayoishia 2020 au 2021 ina maradhi. Korona ilipofika, korti zetu zilipunguza kazi, na Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akatangaza kuachiliwa kwa wafungwa zaidi ya 4,800 wa makosa madogo. Marekani nayo ilipungua kwa mamia ya maelfu ndani ya mwaka mmoja. Sehemu ya ule mstari wa Marekani "unaoshuka" ni mteremko halali ulioanza baada ya 2008, sehemu ni korona, na baada ya hapo umepanda tena kidogo.

Kuna wengine hawamo kabisa. Walioko seli za polisi kwa kawaida hawaingii hesabu ya magereza. Vijana wetu wa borstal, taasisi ya kurekebisha vijana wakosaji, kule Shikusa, je, ni wafungwa? Swali hilo kila nchi inalijibu kivyake. Norwei kulikuwa na waliohukumiwa ambao waliwahi kungoja nyumbani foleni ya kuitwa kutumikia kifungo, kwa hiyo usiku wa kuhesabu walikuwa vitandani mwao. China hutangaza waliohukumiwa, kama milioni 1.7, na mahabusu wake wako nje ya namba hiyo. Eritrea haimo kwenye orodha, kwa sababu haitoi namba. Orodha ninayoitumia mimi, na huenda ndiko kijana alikochota, ni ya World Prison Brief inayotunzwa na watafiti wa Birkbeck, Chuo Kikuu cha London. Kila namba pale imewekewa tarehe na chanzo chake. Wanaochora chati za simu huziacha tarehe nyuma kama ganda la muwa.

Jambo moja zaidi, dogo lakini linauma. Mkifikia kulinganisha Kenya na Ufini, msigawanye kwa watu wote. Katika sensa ya 2019, karibu asilimia 39 yetu tulikuwa chini ya miaka 15, na mtoto wa darasa la tatu hafungwi. Ukiwaondoa, 105 zetu zinakuwa kama 170 kwa kila laki ya wenye umri wa kuweza kufungwa. Ufini, kwa kuwa ni nchi ya wazee, haitabadilika sana.

Basi rudini kinyozini na kalamu. Kwa kila nchi chukueni idadi, gawanyeni kwa sensa ya mwaka ulio karibu, zidisheni kwa laki moja. Kisha mwaka wa kwanza wa kila nchi upeni 100 na mpime mingine kwa huo. Kenya itatoka 100 mwaka 2009 hadi 81 mwaka 2019. Tanzania itaanguka chini ya 50 tangu 2002. Pembeni ya kila mstari andikeni ni wangapi kati yao ni mahabusu, kwa sababu hapo ndipo nchi zetu zinapotofautiana na Ulaya zaidi kuliko kwenye jumla. Kwetu ni zaidi ya wanne kati ya kumi.

Mmoja wao ni mwenzenu. Hukuniambia ameshtakiwa kwa nini, lakini kama ni kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Ibara ya 49 ya Katiba inasema asiwekwe rumande. Kama kosa ni kubwa zaidi na alipewa dhamana asiyoweza kuimudu, arudi kwa hakimu yuleyule na kuomba ipunguzwe. Hakimu akikataa, Mahakama Kuu hapo Nakuru ina uwezo wa kuipunguza chini ya kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Ofisa wa probesheni akitumwa kuandika ripoti ya dhamana, atatafuta mtu wa kumweleza anakaa wapi na anafanya kazi gani, kwa hiyo wewe kama katibu uwepo na daftari la chama, jina lake likiwa ndani. Na tarehe ya kukamatwa iandikeni mahali. Akihukumiwa kifungo, kifungu cha 333 kinamtaka hakimu azingatie siku alizokaa rumande, na nimekaa kortini mara nyingi nikasikia hakimu akiuliza tarehe hiyo, familia ikitazamana.